Adrenalini ni ya neva au ni ya homoni? Naomba kueleweshwa kuhusu mshtuko na mwili

Mwanafunzi wa Saikolojia (mwaka wa pili) aliuliza:

Wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Muhula huu tunasoma misingi ya kibiolojia ya tabia za binadamu. Katika maelezo ya darasani tumeandikiwa kwamba mwili una njia mbili za kupeleka ujumbe: mfumo wa neva, unaopeleka ujumbe kwa kasi na kwa muda mfupi, na mfumo wa homoni, unaopeleka ujumbe polepole kupitia damu na ambao athari zake hukaa muda mrefu. Nilikariri hivyo bila tabu yoyote mpaka wiki mbili zilizopita, yaliponikuta mambo ambayo siwezi kuyaoanisha na maelezo hayo.

Nilikuwa nasafiri usiku kwa basi, nimeketi kiti cha mbele karibu na dirisha. Tukiwa kwenye mteremko, tulikuta lori bovu limeachwa barabarani bila taa, na alama pekee ya tahadhari ilikuwa ni matawi machache ya miti yaliyotupwa nyuma yake. Dereva alilikwepa kwa nafasi ndogo sana. Ninachokumbuka ni kwamba mikono yangu ilikuwa imeshakamata chuma kilicho mbele ya kiti kabla sijatambua kwamba kile ninachokiona ni lori. Moyo ulinienda mbio hadi nikausikia masikioni, mdomo ulikauka na vinyweleo vilinisisimka. Baadaye kidogo nilitaka kunywa maji, na vidole vilitetemeka hata nikashindwa kufungua kizibo cha chupa. Mapigo ya moyo yalitulia mapema, na abiria wengine walirudi kulala, lakini mimi nilikaa macho hadi alfajiri. Mpaka leo ninaweza kueleza majani ya matawi yale yalivyokuwa, membamba na yaliyokwisha kunyauka, ilhali siwezi kukumbuka hata kidogo jirani yangu wa kiti alikuwa amevaa nini.

Maswali yangu ni haya. Adrenalini tunafundishwa kuwa ni homoni. Ikiwa homoni ni za polepole, iliwezaje kufanya kazi papo kwa hapo? Tena, kwa nini mwili ukawie kutulia wakati akili imeshajua kwamba hatari imepita? Na la mwisho, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi: kama ubongo ndio unaoziamuru tezi, je, homoni nazo zina uwezo wowote juu ya ubongo, au kazi yake ni kutii tu?

---

Mkufunzi wa Fiziolojia alijibu:

Marahaba. Pole sana kwa yaliyokukuta, na tunashukuru kwamba mmefika salama. Maswali yako ni ya msingi, kwa hiyo uniruhusu niyajibu kwa urefu.

Niseme kwanza kwamba katika sekunde ile ya mwanzo adrenalini ilikuwa bado haijafanya lolote. Kilichokamata chuma ni neva peke yake. Nyuzi za neva zilizo nene na zenye ala ya mafuta hupitisha ujumbe kwa kasi inayoweza kufika mita 120 kwa sekunde, na njia zinazohusika na kustuka hupita katika shina la ubongo bila kusubiri sehemu za juu zinazotupatia utambuzi zimalize kazi yake. Ndiyo maana mikono ilitangulia na neno "lori" likafuata.

Moyo nao ulianza kwenda mbio kwa njia ambayo wanafunzi wengi hawaitarajii. Moyo ukiachwa peke yake, bila neva yoyote, hupiga takribani mara 100 kwa dakika. Tunapokuwa tumetulia hupiga 60 au 70 kwa sababu neva ya vagasi inaushikilia muda wote, kama breki. Mtu anaposhtuka, jambo la kwanza kutokea ni breki hiyo kuachiliwa, na hilo huonekana ndani ya pigo moja au mawili. Baada ya sekunde chache ndipo neva za simpathetiki, ambazo huchochea mwili kwa ajili ya kupambana au kukimbia, zinapouongezea moyo mwendo kwa kumwaga noradrenalini, kemikali inayofanana sana na adrenalini, kwenye misuli yake.

Sasa tuje kwenye adrenalini yenyewe, kwa sababu hapo ndipo maelezo mliyopewa yanapowapoteza watu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo ya adrenali, yenye uzito wa gramu chache tu. Ukiikata katikati utaona sehemu mbili, gamba la nje na kiini cha ndani, na sehemu hizi zina asili tofauti kabisa. Kiini hutokana, wakati mimba inapokua, na chembe zilezile zinazozaa vifundo vya neva za simpathetiki. Kwa asili yake ni kifundo cha neva ambacho hakikuotesha nyuzi, na badala yake kimepakana na mishipa ya damu. Neva hutoka kwenye uti wa mgongo moja kwa moja hadi kwenye kiini hicho, hudondosha asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, na chembe zake, ambazo zimeshahifadhi adrenalini na noradrenalini kidogo katika vifuko vidogovidogo, huzimwaga mara moja kwenye damu. Damu ya mtu aliyetulia huzunguka mwili mzima kwa muda wa dakika moja hivi, na ya mtu aliyeshtuka huzunguka haraka zaidi. Kwa hiyo hii ni homoni kweli, lakini amri yake imekuja kwa neva, na mzigo ulikuwa tayari ghalani.

Kinachotofautisha homoni na kemikali ya neva ni njia iliyopitiwa. Neva ni kama mtu anayekunong'oneza sikioni, kwa kuwa ujumbe wake humfikia mmoja tu. Homoni ni kama mpiga mbiu anayepita mtaani, ambaye kila nyumba humsikia, ila huitika wale tu wenye habari na jambo hilo, yaani chembe zenye vipokezi vya homoni hiyo. Noradrenalini hunong'onezwa ikitoka kwenye ncha ya neva, na hiyohiyo hupigiwa mbiu ikitoka kwenye tezi. Inafaa pia tukumbuke kwamba hata mnong'ono wa neva ni kemikali. Mwaka 1921 Otto Loewi, akiwa Graz nchini Austria, alichapisha jaribio lake la mioyo miwili ya chura. Aliichochea neva ya vagasi ya moyo wa kwanza hadi ukapunguza mwendo, kisha akachukua maji yaliyouzunguka na kuyatia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo ingawa neva yake haikuguswa. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1936 pamoja na Henry Dale. Mpaka wakati huo wengi walishikilia kwamba neva huamuru viungo kwa umeme peke yake.

Kuhusu kukosa usingizi, mshtuko huja kwa mawimbi mawili. La kwanza ndilo hilo la neva na adrenalini. Adrenalini haikai, kwani nusu yake huondolewa kwenye damu ndani ya dakika mbili au tatu, na kutetemeka kwa vidole kulitokana na kazi yake kwenye misuli. Wimbi la pili huanzia haipothalamasi, iliyo chini ya ubongo, ambayo hutuma kemikali kupitia vijishipa vya damu hadi tezi ya pituitari. Pituitari nayo hutuma homoni ya pili kwenye damu, na hiyo ndiyo inayoliamsha lile gamba la nje la adrenali litoe kotisoli. Kotisoli haiwekwi akiba. Hutengenezwa kutoka kwenye kolesteroli pale inapoagizwa, ndiyo maana hufikia kilele dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza, na kupungua kwake hadi nusu huchukua saa moja au zaidi. Tena inapofika kwenye chembe huingia ndani na kubadili ni jeni zipi zisomwe na zipi ziachwe, kwa hiyo athari yake hubaki hata baada ya yenyewe kuondoka.

Kumbuka pia kwamba ilikuwa usiku. Kotisoli ina saa yake: hupanda alfajiri na tunapoamka, hushuka mchana kutwa, na kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na usiku wa manane. Wewe uliipandisha wakati ule ule ambapo mwili ulitakiwa kuwa umeiweka chini. Na kila uliporudia picha ya lori kichwani, amri ilitoka upya kutoka haipothalamasi, kwa sababu kuhusu jambo hili ubongo hautofautishi sana kati ya lori lililo mbele ya kioo na lori linalokumbukwa.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku alijibu:

Nimshukuru Mkufunzi, na mimi niligusie lile swali la tatu, kwa kuwa wodini tunaliona kila siku. Homoni zina uwezo mkubwa sana juu ya ubongo.

Kotisoli huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo huupita ule ukuta unaoukinga ubongo bila shida. Ikifika huko, haipothalamasi na pituitari huipima na kupunguza amri zake. Ndivyo mfumo unavyojizuia. Mgonjwa anayetumia prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, kwa miezi mingi huupa ubongo wake habari kwamba kotisoli ipo tele, na ubongo huacha kuiagiza hadi gamba la adrenali linasinyaa. Akiziacha dawa hizo ghafla kwa sababu amejisikia nafuu, mwili hubaki hauna dawa wala kotisoli yake mwenyewe, na hapo shinikizo la damu huweza kushuka kiasi cha kuhatarisha uhai. Nawasihi wote wenye ndugu wanaotumia dawa hizo: zinapunguzwa kidogokidogo, kwa maelekezo ya daktari.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu siku hizi mitandaoni kotisoli inaelezwa kana kwamba ni sumu ya kufukuzwa mwilini kwa juisi na majani. Thomas Addison alieleza mwaka 1855 hali ya watu ambao tezi zao za adrenali zimeharibika: walidhoofika, ngozi ilibadilika rangi, na wakati ule mwisho wake ulikuwa kifo. Kuishi bila kotisoli haiwezekani. Tatizo ni pale inapokaa juu kwa muda mrefu bila kupata nafasi ya kushuka.

Mfano wa homoni nyingine. Mama mmoja wa makamo aliletwa na binti yake katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi. Ilikuwa Februari, huku Pwani, na sote tulikuwa tunajipepea kwa makaratasi, lakini yeye alikuwa amevaa sweta. Alizungumza polepole, neno moja kisha kimya, na binti akatueleza kwamba kwa muda wa mwaka mmoja nyumbani walikuwa wameshasema ni uvivu, kisha wakasema ni huzuni ya kufiwa, kisha wakaenda kwa waganga. Alikotoka mwanzo alipewa dawa za usingizi bila kupimwa damu. Kipimo kilionyesha kwamba tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, ilikuwa karibu imeacha kazi. Alianzishiwa thairoksini, yaani homoni ya tezi hiyo, na baada ya miezi kadhaa alikuja kliniki peke yake, bila sweta, akatutajia wajukuu wake wote kwa majina na kwa mpangilio wa kuzaliwa. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, lakini chanzo chake hakikuwa mawazo. Tangu siku hiyo sikubali mtu aandikiwe ugonjwa wa akili kabla ya kupimwa thairoidi.

---

Mwana wa Narok alijibu:

Ningependa kuongeza kwamba sehemu kubwa ya elimu hii kuhusu msongo na kotisoli imepatikana hapa kwetu, kwa nyani. Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Marekani, alianza mwaka 1978 kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara, na kwa miaka mingi aliendelea kurudi. Aliwapiga kwa kishale cha dawa ya usingizi na kuwatoa damu haraka, kabla mshtuko wa kukamatwa haujaibadilisha damu yenyewe. Alichagua nyani kwa sababu nzuri: wao hawatumii siku nzima kutafuta chakula, kwa hiyo wanabaki na saa nyingi za kuoneana na kusumbuana. Aliona kwamba kundi likiwa limetulia, yaani kila dume anaijua nafasi yake, madume ya chini ndiyo yenye kotisoli nyingi hata yakiwa yamepumzika. Lakini kundi likivurugika na vyeo vikagombaniwa, mzigo huo hupanda hadi kwa wale wa juu.

Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba kuwa juu ni afya. Mwaka 2011 watafiti wa nyani wa Amboseli, ambako kundi la utafiti limekuwepo tangu 1971, walitoa matokeo ya madume 125, wakipima homoni kwenye kinyesi bila kumkamata mnyama yeyote. Dume la kwanza kabisa kwa cheo lilikuwa na homoni za msongo nyingi kuliko la pili, ingawa kwa madume yaliyofuata homoni hizo kwa ujumla ziliongezeka kadiri cheo kilivyoshuka. Maelezo yao ni kwamba dume la kwanza hutumia nguvu nyingi kupigana na kulinda majike, ilhali la pili hupata sehemu kubwa ya faida kwa gharama ndogo. Kwa maoni yangu hili ni somo muhimu kwa mwanafunzi wa saikolojia: kiwango cha homoni hakisomeki bila kujua mwenye homoni hiyo anaishi vipi na wenzake.

Hata kwa binadamu upo mfano wa karibu. Nchini Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwalinganisha wanaume wa Kihadzabe na wa Kidatoga. Akina baba wa Kihadzabe, ambao hukaa sana na watoto wao wadogo, walikuwa na testosteroni, homoni ya kiume, ndogo kuliko wenzao wasio na watoto, na kwa Wadatoga, ambao baba huwa mbali zaidi na malezi ya mtoto mchanga, tofauti hiyo haikuonekana. Utafiti huo haukuwafuata wanaume walewale kabla na baada ya kupata watoto, kwa hiyo hauthibitishi kipi kilitangulia. Hata hivyo unaongeza uzito kwenye wazo kwamba malezi yenyewe huigusa homoni, na kwamba amri haitoki upande mmoja tu.

---

Mwanafunzi wa Saikolojia (mwaka wa pili) alirudi:

Nawashukuru sana nyote. Muuguzi, simulizi ya yule mama imenigusa, kwa sababu nina shangazi ambaye maelezo yake yanafanana kwa karibu sana, na kesho nitampigia simu binti yake.

Mkufunzi, limebaki jambo moja. Je, majani yale ninayoyakumbuka, na nguo za jirani nisizozikumbuka, nazo zinahusiana na mawimbi hayo mawili? Na kama adrenalini ilikuwa kwenye damu, ilifikaje kwenye kumbukumbu?

---

Mkufunzi wa Fiziolojia alijibu:

Zinahusiana, na swali lako la mwisho ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu tofauti na kotisoli, adrenalini huupita ukuta wa ubongo kwa kiasi kidogo mno.

Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao waliwaonyesha watu picha zilizoambatana na hadithi ya mvulana anayekwenda na mama yake kumtembelea baba kazini, kisha njiani anagongwa na gari. Baadhi yao walikuwa wamekunywa propranololi, dawa inayozuia vipokezi vya adrenalini na noradrenalini. Wiki moja baadaye, waliokunywa vidonge visivyo na dawa waliikumbuka ile sehemu ya ajali vizuri kuliko sehemu nyingine. Waliokunywa propranololi walikumbuka sehemu za kawaida kama wenzao, lakini sehemu ya ajali haikupata nyongeza yoyote. Kinachoongeza nguvu ya kumbukumbu ni amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia kama hofu, inapopata noradrenalini ya ubongo wenyewe na kuihimiza hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu iliyo jirani yake, iweke jambo hilo imara. Kotisoli inapofika baadaye huusaidia uwekaji huo.

Kuhusu jirani yako, usitafute homoni ya kumlaumu. Macho yako na umakini wako vilikuwa kwenye mwanga wa taa za basi juu ya yale matawi, na kitu ambacho hakikuangaliwa hakina cha kuimarishwa.

Na adrenalini ilifikisha ujumbe wake kwa kupitia neva. Ilizichochea ncha za neva zilizoko mwilini, hasa za vagasi, nazo zikapandisha habari hadi shina la ubongo, ambako chembe zinazomwaga noradrenalini ziliamshwa. Ni vagasi ileile ya chura wa Loewi na ya breki niliyoitaja mwanzoni. Vitabu vingi huieleza kama neva ya kuteremsha amri kwenye moyo na tumbo, lakini takribani nyuzi zake nane katika kila kumi hupandisha ujumbe kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo.